Bangili Msibani

Siku hizi bangili husikiliza kila neno. Ukimkejeli mtu inakubana mkono, na ukirudia mara tatu gari linakuja kukupeleka shule ya adabu, mwaka mzima. Ndiyo maana msiba wa Mzee Pazi ulikuwa kimya. Hata Wanyamwezi, watani wa Wazaramo wenzake marehemu tangu enzi za mababu, walikuwa wakitoa pole kwa sauti ndogo kama wageni. Mjane, Bi Chausiku, alikuwa hajala wala kulia tangu jana.

Nyamizi, Mnyamwezi wa nyumba ya pili, akashindwa kuvumilia. Akavaa kanzu ya marehemu, akapita katikati ya jamvi akichechemea kama yeye.

"Nani kasema nimekufa? Nimeyakimbia mapishi ya huyu mwanamke."

Bangili ikambana.

"Tangu nizaliwe sijashika jembe. Hata kaburi nimechimbiwa na Wanyamwezi."

Ikambana tena, vidole vikafa ganzi. Bi Chausiku akamshika mkono.

"La tatu niachie mimi, mtani," akasema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Kanzu yenyewe umeivaa kinyume, mshamba wewe."

Jamvi zima likalipuka kwa utani, bangili zikibana kila mkono.

Dereva wa shule ya adabu alipofika, alisimama mlangoni akiutazama umati na kuwaza viti vinne vya gari lake.

"Karibu msibani, baba," Nyamizi akamwambia. "Wewe kabila gani?"