Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Wewe unayenisikiliza, umewahi kutazamwa siku nzima na mtu asiyesema neno? Mwalimu Lorna Szeto yalimkuta huko Guangzhou, China.

Mzungu mmoja aliingia darasani Jumatatu, watoto wakiwa katikati ya kuimba majina ya siku kwa Kiingereza. Mtu mrefu, suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi hadi vikang'aa. Akaketi nyuma kabisa, kwenye kiti kile kidogo cha watoto, magoti karibu yamguse kidevu. Akatoa simu, akaiegemeza kwenye chupa ya maji, ikaanza kurekodi.

"Ni mgeni wetu," bosi wa shule alimnong'oneza Lorna. "Fundisha kama kawaida. Ila sema polepole zaidi."

Polepole? Lorna kazaliwa Oakland, Marekani. Kiingereza alikinyonya ziwani. Ila sura yake ni ya babu yake Mkantoni, Mchina wa kusini, na sura hiyo ndiyo iliyomponza. Wazazi walikuwa wameanza kunung'unika pale ngazini, wakikung'uta miavuli: tuliahidiwa Mmarekani, mbona tumeletewa Mchina mwenzetu? Na kibali chake cha kukaa Guangzhou kimefungwa na kazi hiyo. Kazi ikikatika, hana pa kukaa.

Jioni alimweleza jirani yake Kalista, mama wa Bukoba anayenunua nguo soko la Sanyuanli na kuzituma kwao. Kalista alikuwa akipangusa ukuta wa jiko, maana mwezi wa tatu kuta za huko hutoka jasho kama mgonjwa wa homa.

"Anaandika?"

"Haandiki. Ananitazama mdomo tu. Na midomo yake mwenyewe inachezacheza."

Kalista akaacha kupangusa. "Shoga yangu, mzigo wangu wa jinzi hauingii kontena mpaka mkaguzi aupekue. Huyo ni mkaguzi. Na safari hii jinzi ni wewe."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaza mshono."

Lorna akakaza. Alitoa neno mojamoja, kama mtu anayechambua mchele. Mzungu hakukosa hata kipindi. Wazazi walimfurahia, wakampa chai, wakapiga naye picha wakiwa wamemshika mkono. Binti mmoja alimuuliza jina lake kwa Kiingereza. Yule bwana akacheka, akamtazama bosi, na bosi akamwambia mtoto arudi mahali pake. Lorna naye alipomsalimu, aliinamisha kichwa tu, akageukia dirisha.

"Kiburi," Kalista alisema. "Wakaguzi wote ndivyo walivyo. Akianza kukuchekea, ndipo uogope."

Alhamisi, Lorna alimwona ndani ya treni ya metro, amesimama mlango wa pili, simu sikioni. Hakuwa akiongea na mtu. Alikuwa akisikiliza, na midomo inacheza. Macho yao yalipokutana, akamchekea.

Usiku huo Lorna hakulala vizuri.

Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, alikuta picha yake imebanduliwa ukutani pale mapokezi. Imebaki alama ya gundi. Alimtafuta bosi kwa macho. Bosi akaingia ofisini, akafunga mlango taratibu.

Lorna akachukua mwavuli wake, akashuka ngazi. Ghorofa ya chini akasikia viatu nyuma yake. Akaongeza mwendo, navyo vikaongeza. Mlango wa nje ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukagoma kufunguka. Akageuka, ameushika mwavuli kwa mikono miwili.

Mzungu alisimama ngazi moja juu yake, anahema. Akatazama juu kuhakikisha hakuna mtu. Suti ilikuwa imelowa kwapani.

"Mwalimu," alisema kwa Kichina cha kuokoteza sokoni, "tangu Jumatatu nataka kukuomba jambo, namwogopa bosi. Darasa lako wamenipa mimi. Tafadhali, nifundishe Kiingereza."