Lishe ya Mtungi

Kila nyumba ilipikia mtungi wake wa bakteria wanaokula chuma, waliotolewa kwenye chemchemi za moto za kilindini. Ukiulisha, unakupa joto na mwanga. Ukifa, hupewi mwingine. Kwa Bi Mwanasiti misumari ilikwisha zamani, na hata mbuzi ya kukunia nazi aliyorithi kwa mamake ilikwisha kuliwa. Ndiyo maana alishangaa kuona mtungi umestawi wiki nzima.

Asubuhi hiyo alimkuta Zuhura, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi minane, akidondosha humo vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki.

"Mwanangu, hivyo si vyako?"

"Ni vyangu, mama. Lakini nikijifungua mtanikanda kwa maji gani?"

Mwanasiti alimshika kiganja, akakiona cheupe kama unga. Akavichukua vidonge vilivyobaki, akavifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Kuanzia leo utavimeza mbele yangu."

Mchana wali ulichelewa kuiva. Jioni mtungi ulipoanza kufifia, Mwanasiti alijikuta ameshalifungua fundo la vidonge.