Namba Arobaini na Moja

"Arobaini na moja analia tena kwenye simu," alisema mshauri, amesimama mlangoni. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo.

Profesa wa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo, hakuinua macho. Miaka thelathini alikuwa akikaa na watu wenye majonzi asubuhi na kuandika utafiti mchana, mtu asije akasema elimu yake ni ya mezani. Safari hii alitaka kuthibitisha kwamba wanawake walioharibikiwa na mimba wakipata ushauri mapema, hupona. Nusu walihudumiwa papo hapo. Nusu wangesubiri miezi mitatu, ili tofauti ionekane. Kura aliipiga mwenyewe. Wote walijulikana kwa namba tu, na namba za simu za ndugu zao zilifungiwa kwenye bahasha.

"Tumwingize, Profesa. Roho yangu haijatulia."

"Dada, tukimpendelea mmoja, kazi yote inakwenda na maji. Hana mama?"

"Anaye. Ila hajamwambia hata kwamba alikuwa na mimba. Anasema mama yake kabeba mizigo ya kutosha ya watu."

"Basi mwambie ajikaze. Zimebaki wiki mbili tu."

Alisema hivyo, lakini mchana aliacha chakula mezani. Binti yake alimpigia akiwa kikaoni. Akamwandikia kama kawaida: "Nitakupigia, mwanangu." Jioni akasahau.

Alhamisi mshauri aliingia bila kubisha hodi.

"Nimempigia arobaini na moja, kapokea jirani. Wamemkuta amefariki, Profesa. Simu yake ina namba ya siri, hawajui pa kumpata mama yake."

Profesa alijishika kichwa, akalia bila kujificha. Alikuwa na uchungu, na aibu ikazidi uchungu.

"Nimemuua mtoto wa watu."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Uliniambia mara tatu." Alivuta pumzi. "Fungua bahasha. Mpigie mama yake, kisha unipe mimi. Habari hii ataisikia kinywani mwangu."

Mshauri alichana bahasha, akatafuta mstari wa arobaini na moja, akabonyeza tarakimu moja moja kwenye simu ya mezani. Akamkabidhi mkono wa simu. Profesa alijifuta machozi, akakohoa kidogo, akitafuta neno la kuanzia.

Ndani ya mkoba wake mwenyewe, simu ikaanza kuita.