Maji ya Wageni

Ilitangazwa rasmi kwamba utepe wa sherehe ya kuzindua bomba la kisima cha kijiji utakuwa wa buluu, wala si wa kijani.

Kisima kilikuwa kimekauka, hivyo wanawake waliamriwa walijaze tangi kwa maji ya mtoni, ili bomba lisikose kutoa maji mbele ya wafadhili.

Mama Kitwana aliikumbatia ndoo yake. "Mwenyekiti, mwanangu anaharisha tangu jana, na mto wenyewe mbali. Niachie hii tu, nimchemshie."

"Usituvue nguo mbele ya watu, mama. Wageni wakiondoka utakinga hapo hapo bombani."

Akamimina.

Mfadhili mmoja alifungua bomba, akapigwa picha, akaliacha litiririke mchangani huku akijifuta machozi. Mama Kitwana alipokinga ndoo, bomba lilitoa upepo.

Jioni wafadhili, walioguswa mno, waliamua kwa kauli moja: bomba la pili lijengwe kando ya la kwanza.