Amepumzika

"Mwenzetu amepumzika," bosi alitutangazia, mikono nyuma, sauti ya msibani.

Damu ikanichemka. Mpiga pasi mwenzangu, tuliyemwita Mama Kicheko, alikuwa haishi kuomba likizo, angalau siku chache tu akacheze na wanawe. Kila akiomba, mdomo huohuo ulimjibu: "Kazi si mchezo, mama. Utapumzika ukifa." Jana akaangukia meza ya pasi, asiinuke tena.

"Haya, kazini. Mashati ya watu yanangoja."

Nikaenda kufungua kabati lake. Chini ya aproni palikuwa na mpira wa kitoto, ule wa kupuliza, bado umekunjwa kama ulivyotoka dukani. Niliupuliza mbele ya bosi hadi mashavu yakaniuma.

"Wewe, una wazimu?"

Nikamrushia mpira mzee dobi. Akaudaka, machozi yakimtoka, akamrushia mkunja nguo. Naye akaurudisha kwangu, juu ya kichwa cha bosi. Harufu ya shati linaloungua ikajaa chumba kizima. Hakuna aliyenyanyua pasi.

"Mnafanya nini nyinyi?" bosi akapiga kelele.

"Tumepumzika, bosi," nikamwambia. "Na hatujafa."