Zamu ya Bibi

Siku hizi maumivu ya mgonjwa huhamishwa kwa bangili, jamaa wakayabeba kwa zamu. Nasra, mtoto ambaye mifupa yake huvimba na kuwaka bila jeraha, mchana alibebewa na bibi yake, Bi Mwanakombo. Mguu ulimkeketa ajuza, lakini kila aliposwali ulitulia, naye akamshukuru Mungu.

Leo alipotoa salamu aligeuka ghafla, akamkuta Nasra ameng'ata kanga kwa maumivu yaliyomrudia, kidole kwenye swichi ya bangili yake.

"Wewe! Unaizima?"

"Ukiwa unaswali tu, bibi."

"Si ningeswali nimekaa, mwanangu?"

"Unapenda kusujudu. Usimwambie mama."

Mtoto mdogo kumstahi mtu mzima hivi! Bi Mwanakombo alimkumbatia kwa fahari. Adhana ya alasiri ilipoita, kwa mara ya kwanza maishani hakuinuka upesi.