Msitikisike

Tangu asubuhi Tobias, msafiri mwenye kamera, hakutulia ukingoni mwa machimbo ya mawe ya Tiwi. Lenzi yake ikipindwa, huacha ukanda mmoja mwembamba ukionekana wazi na kwingine kote ukungu, na wachimbaji kule chini wakawa kama wanasesere. Yeye nao walikuwa wamepatana.

"Nikiinua mkono, msitikisike."

"Hewala, kaka."

Safari hii ukanda ule ulipita kwenye ukuta wa machimbo, juu ya vichwa vyao. Ukaonyesha ufa mwembamba kama uzi, unadondosha vumbi, unapanuka.

Aliiachia kamera, akainua mikono yote miwili. "Kimbieni! Ukuta unaanguka!"

Mashine za kukatia mawe zikaimeza sauti yake. Mchimbaji mmoja alimwona, akawagusa wenzake. Wote wakasimama tuli chini ya ukuta, wakitabasamu.